Jiwe Lililowekwa Kwenye Uwanja wa Kuanikia

Mgeni rasmi, Mwenyekiti wa Baraza la Chuo. Mkuu wa Chuo. Msanifu wa majengo. Wazazi, wanafunzi na wafanyakazi wenzetu:

Karibu sana. Sisi wahudumu wa bweni la wasichana, yaani walezi, wafagiaji, walinzi na mafundi, tumefurahi kwamba umekubali kuja kuweka jiwe la msingi la bweni la pili. Tunajua una shughuli nyingi, kwa hiyo hatutazunguka.

Kwanza utuwie radhi kwa nguo zinazoning'inia madirishani nyuma yako. Kila akija mgeni huwa tunapita chumba hadi chumba kuziingiza ndani, ili jengo lifanane na picha yake. Leo tumeziacha. Sababu tutaieleza.

TULIKOTOKA

Bweni la zamani halikuwa na ghorofa. Vyumba vilizunguka uwanja, na uwanjani palikuwa na makaro ya kufulia na kamba za kuanikia. Vyoo vilikuwa mbali na paa lilivuja, hayo hatuyalilii. Lakini jua liliingia kila chumba, na Jumamosi msichana asipoonekana karoni, mlezi alijua anaumwa au ana jambo moyoni. Alikwenda kumgongea.

Bweni lile lilibomolewa. Uwanja ulibaki, na ndio huu tuliokaa sasa.

MAFANIKIO

Bweni jipya lina ghorofa nne, choo na bafu kila chumba, maji ya matangi yaliyo juu ya paa, na taa za korido zinazojiwasha mtu akipita. Hakuna tena foleni ya ndoo. Kwa hilo tunashukuru, na hatusemi kwa adabu tu.

CHANGAMOTO

Mchoro ulisahau kwamba wanafunzi hufua. Hakuna karo, hakuna kamba, hakuna roshani. Kila chumba kina dirisha upande mmoja. Upande wa pili ni korido isiyo na tundu la hewa. Mabafu hayana dirisha kabisa. Hewa yake huvutwa na feni moja iliyo juu ya paa. Fundi wetu wa umeme, ambaye wanafunzi wanamwita Fyuzi, anasema feni ikizima jengo zima hushika pumzi kama mtoto aliyenuna. Na umeme ukikatika, jambo ambalo si geni, feni huzima.

Kisha likaja tangazo kwamba nguo madirishani zinaharibu sura ya chuo. Hapo tukawa hodari kupita kiasi. Tuliziondoa na kuwafokea wenye nazo. Wasichana wakafunga madirisha, wakavuta kamba juu ya vitanda. Kuta zikaota ukungu mweusi. Tuliufuta kwa dawa, tukapaka rangi, ukarudi.

Ghorofa ya pili alikuwepo msichana tuliyemwita Wakili, maana hata ukimwambia kumekucha alitaka ushahidi. Alikuwa na pumu, na kitanda chake kiligusa ukuta wa bafu. Alibishana nasi kuhusu nguo na dirisha hadi akachoka. Hatukumshinda kwa hoja. Tulimshinda kwa sababu amri ilikuwa upande wetu. Muhula uliopita alilazwa hospitali, na alipotoka hakurudi darasani.

Mizigo yake ilifuatwa na mama yake. Aliligeuza godoro, akalinusa upande wa chini, akalirudisha taratibu. Tulijiandaa kutukanwa. Akasema tu, "Jamani, mama wenzangu, hata shati la mtoto halikuwa na pa kukaukia?"

Hatukuwa na jibu. Tulimbebea mizigo hadi getini.

Pa kukaukia palikuwepo. Uwanja huu ulikuwa hapa wakati wote, umezungushiwa uzio kwa ajili ya bweni hili la pili, na funguo za uzio tunazo sisi. Hilo ndilo linalotuuma.

MAOMBI

Leo hatuombi sare wala nyongeza ya mshahara, hayo yatasubiri. Tumeelezwa kwamba jengo la pili litafuata mchoro uleule na litaumeza uwanja wote. Tunaomba lisogezwe nyuma, lilipopangwa eneo la maegesho. Magari hayana pumu. Uwanja ubaki na jua lake, urudishiwe makaro na kamba, na kila bafu lipate dirisha. Msanifu hatumlaumu. Anasema aliagizwa aweke vitanda vingi kadiri inavyowezekana. Alitii, kama tulivyotii sisi.

Wakili amepata nafuu na anataka kurudi muhula ujao. Mama yake amepiga simu kuuliza mwanawe atalala wapi. Mara hii tungependa kuwa na jibu.

Tumesikia ikisemwa kwamba wakati umepita, kwa kuwa jiwe limeshafikishwa mahali pake na kufunikwa kitambaa. Mgeni rasmi, jiwe hilo tulilibeba sisi. Ni zito, ila si la kutushinda. Ukitamka neno, tutalinyanyua na kitambaa chake tulipeleke kule kwenye maegesho, na wewe utalifunulia huko. Viti tutavihamisha pia.

Mungu akupe afya, akulindie wanao popote walalapo, na akurudishe kwako salama.

Ni sisi,
Wahudumu wa Bweni la Wasichana.