Mvinyo wa Mizabibu Niliyotaka Kuing'oa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Mwenyekiti wa ushirika wetu wa wakulima wa zabibu, wazee wetu, wafanyakazi wenzangu wa shambani na wa ghalani, ndugu wageni waalikwa, na wewe Shangazi, ambaye leo kwa mara ya kwanza tumefanikiwa kukukalisha kwenye kiti chenye mto: habari za mchana.

Nimepewa kazi ya kumsifu mtu anayestaafu. Kazi hiyo ni nyepesi kwa mwenye dhamiri safi. Mimi mtanivumilia, maana siwezi kumsifu Shangazi bila kujishtaki mwenyewe.

Wengi wenu mnamwita Shangazi kwa heshima tu. Kwangu ni shangazi wa damu, dada wa marehemu baba, na kwa miaka thelathini na minne yeye ndiye aliyeshika ghala letu la mvinyo. Mimi niliingia miaka kumi na miwili iliyopita, nimetoka chuoni na cheti kwenye fremu, nikakabidhiwa umeneja. Wiki ya kwanza nikatundika cheti ukutani. Wiki ya pili nikaamua kung'oa mizabibu mikongwe iliyo nyuma ya nyumba ya pampu.

Mnaijua. Aliipanda babu kabla baba hajaoa. Mashina yake yamejikunja kama viwiko, na shina likizaa vichala vinne hujiona limezaa sana. Mimi nilikuwa na hesabu yangu ya tani kwa ekari, na hesabu ilisema: trekta.

Trekta likaja saa mbili asubuhi, linaburuta mnyororo. Shangazi alikuwa mle mle na mkasi wake, anapunguza matawi. Je, alipiga kelele? Alijilaza mbele ya gurudumu? Wapi! Alimuuliza dereva, "Umekunywa chai?" Dereva akasema bado. Akampeleka jikoni, akammiminia kikombe kikubwa kuliko vyote, kisha akaja ofisini kwangu na mikono yenye udongo.

"Baba," akaniambia, maana tangu nizaliwe huniita hivyo, "zabibu za kule nyuma umewahi kuzionja?"

"Hapana, Shangazi. Lakini hesabu..."

"Kwa hiyo unamzika mtu hujamjulia hata hali."

Akaomba mavuno ya mwaka mmoja tu. Nami niseme kweli mbele ya Mgeni Rasmi: sikukubali kwa busara. Dereva alikuwa amemaliza chai, amesimama mlangoni ananitazama, nikaona haya.

Mwaka huo mvua ilikatika mapema. Mizabibu michanga, ile niliyojivunia, ikasinyaa. Ile mikongwe, yenye mizizi iliyozama kusikofika jembe wala cheti, ikabaki na majani mabichi. Shangazi alivuna zabibu zake zikiwa bado na ukali, akazikamua taratibu, akaacha zichachuke, kisha akautia mvinyo chupani pamoja na hamira na sukari kidogo, uchachuke tena humo humo na mapovu yakose pa kutokea. Zilikuwa chupa mia tisa. Hakuchanganya na mvinyo wa mwaka mwingine hata tone. "Mwaka huu ujitetee wenyewe," alisema.

Mwezi wa tatu chupa zikaanza kupasuka. Kipande cha kioo kikamchana juu ya nyusi, kovu mnaliona. Kesho yake alirudi ghalani amevaa kinyago cha fundi wa kuchomelea, akaendelea kuzikagua moja moja. Fundi, uko hapa, simama wakuone. Kinyago chake alirudishiwa baada ya miaka miwili!

Sasa nafika kwenye dhambi yangu ya pili. Chupa zikiwa na miaka mitatu, Shangazi akiwa likizo, nilifungua moja nimwonjeshe mnunuzi wetu mkubwa. Ndugu mnunuzi, nakuona meza ya pili, usijifiche. Alikunywa funda moja akakohoa mpaka akaletewa maji. Alipopata pumzi akauliza, "Nani katengeneza hiki?" Nikajibu haraka sana: "Ni wa shangazi yangu."

Shangazi aliporudi nikamwambia tuugeuze siki. Hakukasirika.

"Mvinyo hauna kosa," alisema. "Wewe umemwamsha mtoto mchanga, ukataka akuimbie. Mwache alale."

Basi ukalala. Kila mwaka nikauliza, kila mwaka nikajibiwa neno moja: "Bado." Na mizabibu ikaendelea kusimama, kwa kuwa nani angethubutu kuipitishia hukumu kabla shahidi hajasema?

Wiki tatu zilizopita aliingia ofisini, barua ya kustaafu mkono huu, chupa mkono huu. "Sasa," akasema. Nikampigia mnunuzi yule yule. Tukakaa watatu kwenye meza ya kufungashia.

Kizibo hakikulipuka, kilishusha pumzi tu, kama mtu aliyefika nyumbani. Rangi ni dhahabu hafifu. Mapovu ni madogo mno, yanapanda kwa mstari mmoja bila haraka. Ukiinusa glasi unapata ganda la mkate uliotoka tanuri sasa hivi, tufaha bichi, halafu kwa mbali karanga za kukaanga. Na ule ukali uliomkohoza mgeni wetu? Upo. Ila sasa ni kama uti wa mgongo: huuoni, lakini ndio unaousimamisha mwili mzima.

Mnunuzi akanyoosha glasi aongezwe kabla hajaimaliza. "Nani katengeneza huu?"

Jamani, binadamu! Ulimi wangu ulishaanza kusema "ni wetu". Nikamtazama Shangazi, nikaliona lile kovu. Nikasema, "Ni wa shangazi yangu," na safari hii sikuwa na haraka.

Mnunuzi alipoondoka nikamuuliza, "Shangazi, ulijuaje?"

"Sikujua, baba. Nilikuwa na wasiwasi miaka yote."

"Mbona hukusema hata siku moja?"

"Ningesema, ungeleta trekta."

Ndugu zangu, mizabibu ile haitang'olewa. Tumekata vipandikizi mia nne kutoka kwenye mashina yake, vimeanza kuchipua katika shamba la chini, na anayevitunza ni mwanafunzi wa Shangazi, ambaye kuanzia kesho ndiye mkuu wa ghala. Shangazi, kwa niaba ya familia na ya wote waliofanya kazi chini yako, ahsante. Na kwa yale mengine yangu unayoyajua wewe, nisamehe.

Glasi ziko mbele yenu. Kwa wasiotumia kilevi, kuna juisi ya zabibu hizo hizo. Nilikuwa na kurasa mbili zaidi, lakini naona Shangazi ananikazia macho, na asubuhi alinionya kwamba mapovu hayangoji hotuba. Nawashukuru kwa masikio yenu. Simameni, tunywe.