Minyororo Mia Mbili na Arobaini ya Bwana Sadoki Mwandemele

Ifikapo tarehe 30 Novemba 1957, Bwana Sadoki Mwandemele, mtunza viwanja na mpima njia wa shule yetu, atastaafu baada ya utumishi wa miaka ishirini na minane. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, Mwalimu Yotamu, niandike wasifu wake kwa sababu nimefanya naye kazi kwa muda mrefu kuliko mwalimu mwingine yeyote. Nilikubali, ingawa mitihani imenichosha, mvua zimeanza mapema na magoti yangu hayataki tena kuinuka. Sehemu kubwa ya maradhi ya magoti hayo, nieleze mapema, chanzo chake ni huyu mstaafu.

Bwana Sadoki alizaliwa Mwaya, kando ya Ziwa Nyasa. Ujana wake aliutumia na wapima barabara waliokuwa wakiteremka kutoka Tukuyu. Yeye ndiye aliyekuwa akibeba mnyororo wa kupimia, ule wa chuma wenye yadi ishirini na mbili, wa kunyooshwa na watu wawili na kusogezwa hatua kwa hatua mpaka nchi iishe. Kazi ya barabara ilipokwisha mwaka 1929, shule ikamwajiri afyeke nyasi. Alikuja na panga, na alikuja na tabia ya kutoamini umbali wowote ambao hajaupima mwenyewe.

Wakati huo mbio zetu za nyika zilikuwa zikiitwa za maili tatu kwa kukisia tu. Mwalimu mmoja aliwahi kuzitembea kwa saa moja, akasema saa moja ni maili tatu, na watu wakaridhika. Bwana Sadoki hakuridhika. Aliomba mnyororo wa zamani kwa bwana mmoja wa barabara, akaipima njia kuanzia lango la shule, kukatiza majaruba ya mpunga, kuvuka kijito, kupita kwenye migomba ya watu mpaka mahali pa kugeukia, na kurudi. Ilikuwa maili mbili na robo tatu. Wavulana waliojivunia muda wao miaka yote hiyo waliambiwa waongeze robo maili, nao hawakufurahi.

Mimi nilifika mwaka 1938 kufundisha hesabu, nikakabidhiwa saa ya mbio. Hapo ndipo ugomvi wetu ulipozaliwa. Maili tatu ni minyororo mia mbili na arobaini, na kila mwaka baada ya mafuriko Bwana Sadoki alitaka yote ipimwe upya, maana kijito kilihama na wakulima walijenga matuta mapya. Mnyororo unahitaji mtu wa mbele na mtu wa nyuma. Kwa miaka kumi na tisa mtu wa nyuma nimekuwa mimi, kwenye tope hadi magotini, nikiambiwa niuvute uwe sawasawa.

Nilimwambia mara nyingi kwamba mvulana haendeshwi na mnyororo, anaendeshwa na saa. Shule za milimani zilikuwa zikituma muda wa ajabu, na sote tulijua kwamba maili tatu zao zilikuwa zimekonda. Nilisema na sisi tulegeze kidogo, watoto wapate moyo, majina yao yasomwe mbele ya watu. Yeye alijibu kwa upole uleule kwamba saa yangu ilikuwa nzuri sana, ila haikuwa na macho ya kuona mguu umepita wapi. Basi tukabishana hivyo kila Julai, chai ikipoa. Walimu wengine walizoea, wakawa wanahamia meza nyingine.

Hata mnyororo wenyewe hakuuamini. Kila mwaka aliupeleka dukani kwa Mzee Khamisi, muuza nguo wa pale Mwaya ambaye wazee wake walitoka Kilwa, akaulinganisha na kijiti cha shaba cha kupimia kitambaa. Mwaka mmoja hesabu zikakataa. Mnyororo ulikuwa mzima. Kijiti ndicho kilichopungua nusu inchi. Mzee Khamisi aliapa kwamba alikinunua hivyo, akaagiza kipya, na tangu siku ile humwita Bwana Sadoki "Bwana Mkaguzi" na kumkaribisha kahawa upesi kabla hajaanza kuangalia vitu vingine.

Alama zake nazo zilikuwa za namna yake. Mkewe, Mama Marita, ni Mkisi wa Ikombe, na mikono yake inafinyanga vyungu ambavyo kina mama wa huku kote wanavijua. Vilivyopasuka wakati wa kuchomwa alimpa mumewe. Bwana Sadoki alivipaka chokaa, akavifunika juu ya vigingi, kimoja kila robo maili, na kimoja kikubwa mahali pa kugeukia. Mkimbiaji alikuwa na sheria moja tu: fika penye chungu.

Sasa nafika Agosti 1949, na ningependa kupita haraka, lakini haifai.

Mwaka ule tulikuwa na Andongwisye Mwangomo wa darasa la kumi, mvulana wa palepale jirani, mwembamba, mkimya, mwenye pumzi za ajabu. Mashindano ya nchi nzima yalikuwa yafanyike Dar es Salaam, na jimbo letu lingempeleka yeyote atakayemaliza maili tatu chini ya dakika kumi na sita. Hakuna mtoto wetu aliyewahi kukaribia. Jumamosi ile Andongwisye aliingia langoni peke yake, na saa yangu ikasoma dakika kumi na tano na sekunde hamsini na moja. Nililia, sioni aibu kuandika. Mkuu wa Shule wa wakati ule alipeleka simu ya maandishi kwa jimbo siku hiyohiyo.

Jumapili baada ya ibada Bwana Sadoki akaja kwangu na mnyororo begani. Alikuwa amekwenda alfajiri kukusanya vyungu vyake, akakuta kile cha kugeukia hakipo mahali alipokiweka. Kilikuwa kimesogea kuelekea shuleni. Tukaenda kupima, mimi nyuma kama kawaida. Minyororo minne kamili. Kwenda na kurudi ilikuwa yadi mia moja sabini na sita zilizopungua, na kwa mwendo wa Andongwisye hizo ni nusu dakika na zaidi. Mbio za kweli zilikuwa za dakika kumi na sita na sekunde ishirini na kitu.

Aliyekisogeza alikuwa Mama Marita. Ijumaa jioni mzee mmoja alifariki kwenye nyumba iliyo karibu kabisa na mahali pa kugeukia, na Jumamosi uwanja ule ulijaa waombolezaji. Mama Marita alikuwa miongoni mwao tangu usiku. Aliona haiwezekani watoto hamsini wapite wakikimbia na kuhema mbele ya maiti ambaye hajazikwa. Akakichukua chungu na kigingi chake, akavirudisha nyuma hadi pale ambapo miguu ingegeuka bila kufika msibani, kisha akarudi kukaa na wafiwa. Mwalimu aliyepangwa kusimamia pale alikuwa mgeni, hajamaliza mwezi, akasimama penye chungu kama alivyoagizwa. Mwanamke yeyote wa huku angefanya vile, na hakuna ambaye angedhani kuna la kuripoti.

Nilimsihi Bwana Sadoki anyamaze. Nilimwambia hakuna mtu aliyedanganya, kwamba chungu kimesogezwa kwa heshima ya marehemu, na kwamba tukisema, mtoto atakosa safari ambayo hataipata tena. Alisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema, "Maili tatu ni maili tatu, Mwalimu. Nikimpunguzia huyu leo, kesho nitampimia nani?"

Jumatatu alikwenda kwa Mkuu wa Shule, akaeleza kila kitu, na jina la mkewe akalitaja. Simu nyingine ikapelekwa. Andongwisye hakwenda Dar es Salaam. Kwenye ubao wa rekodi, mstari wa mwaka 1949 uko wazi mpaka leo.

Yanayofuata si wasifu wa Bwana Sadoki bali ni wangu, na ninayaandika kwa kuwa bila hayo huu wa kwake hautakuwa wa kweli. Nilimkasirikia. Kwa miaka miwili sikunywa naye chai. Nilipotaka majani yafyekwe nilimwandikia kikaratasi. Nilisema mbele ya walimu wenzangu kwamba anaupenda mnyororo kuliko watoto, na kwamba mtu asiyewahi kushinda mbio hawezi kumwonea huruma mshindi. Wanafunzi walisikia, na mtoto akisikia la mwalimu hulipamba. Wakaanza kumwimba Mama Marita kwa kejeli akipita na mzigo wake wa vyungu kichwani. Jiko la shule likaacha kununua kwake, na mimi niliyekuwa kwenye kamati ya jiko sikusema neno. Akawa anavipeleka Itungi, mwendo mrefu kwa mama wa umri wake.

Kazi yenyewe haikusimama. Kila Julai alikuja na mnyororo, nami nikaushika mwisho wake bila kuzungumza. Minyororo mia mbili na arobaini ni mirefu sana kwa watu wawili wasiosemezana. Taratibu uchovu ulishinda hasira, tukarudi kwenye chai na ubishi wetu, lakini lile la 1949 hatukuligusa tena. Nilidhani ananiogopa mimi.

Mwezi Septemba mwaka huu kamati iliniagiza niwaandikie wanafunzi wa zamani, watoe neno la kumuaga. Nilimwandikia pia Andongwisye, ambaye yuko Kitwe, karani kwenye migodi ya shaba, mwenye mke na watoto watatu. Nakiri nilitaka aseme kwa maandishi yale niliyokuwa nikiyasema kwa mdomo. Barua yake ilifika wiki tatu zilizopita. Ameruhusu isomwe, nami nanakili sehemu yake:

"Mwalimu, chungu kile nilikuwa nakipita kila siku nikienda mtoni. Siku ya mbio nilikiona hakipo mahali pake. Niligeuka nikijua, kwa sababu nilikuwa nimechoka na niliitaka ile safari. Jumatatu, kabla hata kengele ya shule haijalia, Bwana Sadoki alikuja nyumbani, akaniuliza mbele ya baba kama nilikuwa nimetambua. Nikasema hapana. Aliniangalia muda mrefu, akasema, 'Basi, kosa ni la chungu.' Kisha akaenda kwa Mkuu. Alijua, Mwalimu. Angesema neno moja tu ningefukuzwa, na cheti ninachokulia mkate leo nisingekuwa nacho."

Waliokuwapo wakati ule wanakumbuka kwamba mwaka uliotangulia wavulana wawili waliokata njia kwenye migomba walifukuzwa siku hiyohiyo, na wazazi wao walipiga magoti ofisini bila mafanikio. Andongwisye alikuwa amebakiza miezi mitatu.

Kwa hiyo kumbe alifanya mawili asubuhi moja. Njia aliirudishia yadi zake zote bila kuiba hata moja. Mtoto naye akamsitiri, na kilichobaki cha kubebwa akakibeba yeye na mkewe, kwa miaka minane, katika shule hii, huku mimi nikiwaongezea mzigo. Mimi mwalimu wa hesabu sikuwahi kujiuliza kwa nini mvulana anayeijua njia ile kama ua wa kwao hakuona kwamba imefupishwa.

Nilimpelekea ile barua. Aliisoma akiwa amesimama kwenye mlango wa stoo, akaikunja, akauliza watoto wa Andongwisye wana umri gani. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, hata mimi peke yangu.

"Hasira yako nilijua nitaiweza, Mwalimu," alisema. "Kufukuzwa kwake nisingekuweza."

Nikamuuliza, na Mama Marita je. Akasema Mama Marita ndiye aliyemwambia atangulie nyumbani kwa mtoto kabla ya kwenda ofisini.

Wasifu wa kawaida hutaja mafanikio, nami nitayataja. Uwanja wa mpira haujatuamisha maji tangu alipochimba mifereji mwaka 1934. Miti ya kivuli upande wa mabweni aliipanda yeye. Rekodi za shule hii si za kasi. Wenzetu wa milimani bado wanatucheka. Lakini vijana wetu wanapokwenda kukimbia ugenini, kwenye njia zilizopimwa na watu wengine, huwa hawapotezi hata sekunde moja, na mara nyingi huongeza mwendo. Hilo nimelishuhudia kwa saa yangu mwenyewe.

Ameniachia mnyororo. Nimemwomba radhi mapema mtu wangu wa nyuma atakayekuja, na nimeahidi kwamba Julai njia itapimwa.

Nimeiomba kamati niisome karatasi hii mwenyewe siku ya sherehe, maana mdomo uliosema yale ndio unaopaswa kusema haya. Bwana Sadoki, nilikukosea tangu siku ile ya 1949, na wewe ukaniacha niendelee kukukosea ili mtoto asome. Mama Marita, wewe nilikukosea zaidi, kwa kuwa ulimheshimu marehemu na ulimlinda aliye hai, nami nikawaacha watoto wakuimbe. Nisameheni nyote wawili. Andongwisye anawasalimu, na mtoto wake wa kwanza wa kiume amemwita Sadoki.

Shule inawashukuru kwa miaka ishirini na minane. Mwende Ikombe salama, mkalime na kufinyanga kwa amani, na siku zenu za kupumzika ziwe nyingi na njema. Ndaga fijo, asanteni sana.