Sauti Iliyomfikia Binti wa Mzee Masikio

Sogeeni karibu na redio, wasikilizaji wapendwa. Leo tunamkumbuka fundi mitambo aliyeitwa Mzee Masikio. Jina hilo alilipata kazini, kwa kuwa hedifoni hazikumtoka kichwani. Mkewe, aliyemtangulia, alizoea kumtania: "Wewe hata ukiniitikia, unamwitikia mtu mwingine."

Kazi yake ilikuwa kurusha sherehe na misiba mtandaoni, kutoka ukumbi mmoja wa mjini. Alikaa kwenye kachumba nyuma ya jukwaa, kembamba kama ujia. Mezani palikuwa na enkoda, kisanduku kinachopokea picha na sauti na kuzituma kwa watazamaji walio mbali. Yeye ndiye aliyeipanga: picha iwe na ubora gani, iende kwa kasi gani, sauti ichukuliwe wapi.

"Picha ikikwama watu watavumilia," alimwambia mdogo wake, aliyekuwa akimsaidia. "Sauti ukiikosea, umewaharibia watu msiba."

Mzee Masikio alikuwa na mtoto mmoja tu, binti, anayefanya kazi ng'ambo. Mapafu yalipomsumbua mzee, binti alitaka kuja. Baba akamkataza. "Maliza mkataba wako, mama. Mimi nipo."

Hakuwepo kwa muda mrefu.

Binti hakupata ndege ya kuwahi mazishi. Baba yake mdogo akamtuliza: "Usijali, mwanangu. Nitakurushia mimi." Kazi alifundishwa kweli, lakini juu juu. Asubuhi ya mazishi, ibada ikiwa ukumbini mle mle, aliweka picha ya ubora mkubwa kuliko mtandao ulivyoweza kubeba, ikakwama. Akahangaika weee, mwishowe akairudisha enkoda kwenye mipangilio ya kiwandani. Picha ikatembea.

Ila sauti nayo ilibadilika. Haikuchukuliwa tena kwenye maikrofoni za ukumbini. Ilichukuliwa kwenye kimaikrofoni cha enkoda yenyewe, mle kachumbani. Mistari ya sauti kwenye skrini ilipanda na kushuka, naye akaridhika. Hedifoni hakuvaa. Akatoka kwenda kumbeba kaka yake.

Kachumbani akaingia shangazi wa binti, yaani dada wa marehemu, pamoja na jirani yake, kupumzisha miguu.

Huko ng'ambo, binti alimwona kiongozi wa ibada akifungua mdomo. Sauti iliyomfikia ilikuwa ya kachumbani.

"Huyo binti hata kumzika baba yake hakuja," alisema jirani.

"Amzike baba yake yupi?" shangazi akajibu. "Kaka hakumzaa yule. Wifi aliingia na mimba yake."

"Na kaka yako alijua?"

"Alijua. Unadhani alimkataza kuja kwa nini? Alitaka afe akiwa na watu wa damu yake."

Ndugu waliokuwa wakitazama kutoka miji mingine walisikia pia. Binti akampigia baba yake mdogo. Simu ilikuwa imezimwa kwa heshima ya msiba. Akapiga tena, na tena. Kwenye skrini jeneza lilikuwa linatolewa ukumbini, na shangazi alikuwa akicheka jambo jingine kabisa.

"Ningeweza kuzima sauti," binti alituambia kwa simu. "Nilingoja labda atasema anatania."

Baba mdogo amelia mpaka macho yamevimba. Shangazi hakulia. Tulipomfikia alisema hivi: "Ya chumbani ni ya chumbani. Sikumtuma asikilize. Na kama ni kweli au si kweli, mwenye jibu tumeshamzika."

Wasikilizaji wapendwa, ulimi hauna mfupa, lakini huvunja mfupa. Tutafakari tunayoyasema juu ya wafiwa tukidhani hawasikii. Pole sana, baba mdogo. Pole nawe, shangazi, umepoteza kaka.

Tulimuuliza binti tumtaje kama nani katika salamu hizi za rambirambi. Akasema, "Muulizeni shangazi."

Hatukumuuliza. Pole, binti wa Mzee Masikio.