Kuo Hsiu-yueh, Mwonyesha Sinema wa Miungu, Mke wa Pao-chen

Marehemu Kuo Hsiu-yueh alizaliwa hapa Huwei tarehe 14 Machi 1955, katika nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sukari, akiwa mtoto wa pili na binti pekee wa marehemu mzee Kuo Tien-lai na marehemu mama Liao Yin. Mkunga alisema mtoto ametoka amekunja ngumi. Sisi tuliomfahamu tunajua hakuikunjua tena, isipokuwa kwa kumenya karanga.

Alisoma shule ya msingi mjini hapa na kuingia sekondari ya wasichana mwaka 1967. Familia imezoea kusema aliacha shule kwa sababu ya ada. Si kweli. Mwalimu alimkata nywele mbele ya darasa kwa kosa la kuvuka masikio. Kesho yake akaja na kipara, na shule haikuwa na kanuni ya kipara. Akaambiwa arudi zikiota. Zilipoota, alikuwa ameshapata kazi.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuonyesha sinema kwenye viwanja vya mahekalu, kazi ambayo wateja wake ni miungu. Mtu akijibiwa maombi yake, anamlipia mungu sinema. Turubai ya kuonyeshea inatundikwa kuelekea madhabahu, viti vya mbele vinaachwa wazi kwa wasioonekana, na binadamu wanakaa nyuma kama wadandiaji. Hsiu-yueh aliifanya kazi hiyo miaka hamsini na zaidi. Waliomwambia si kazi ya mwanamke aliwajibu kwamba wateja wake hawajawahi kulalamika.

Mwaka 1981, kwenye kiwanja cha hekalu la mungu tunayemwita Babu wa Ardhi, alikutana na Chiu Pao-chen, aliyekuwa akichoma soseji kando ya turubai. Kwa Pao-chen mteja hushindana na muuzaji kurusha dadu, na akishinda anaongezewa soseji. Hsiu-yueh alishindwa jioni ile nzima, na jioni zote zilizofuata. Miaka mingi baadaye Pao-chen alimwambia kwamba dadu zile zilikuwa na ujanja kidogo.

"Nilijua tangu siku ya kwanza," Hsiu-yueh alimjibu. "Kwani ulidhani nilifuata soseji?"

Walianza kuishi pamoja mwaka 1983. Kaka yake mkubwa, mzee Kuo Chin-fa, hakujua amwite nani mwanamke huyo, basi miaka yote akamwita "yule wa soseji".

Mwaka 2018 ulikuwa mwaka wa kura ya maoni juu ya ndoa za watu wa jinsia moja, na kila kona kulikuwa na kipeperushi cha kuwasema watu kama wao. Hsiu-yueh aliazima kamera, akatengeneza sinema fupi ya bibi wawili wapenzi wanaogombania blanketi, akatangaza kwamba ataionyesha kwenye sikukuu ya Babu wa Ardhi. Mwenyekiti wa kamati ya hekalu alimwita na kumwonya kwamba mungu ataona aibu.

"Basi tumuulize yeye," alisema. "Wewe sikukuuliza."

Akachukua vile vipande viwili vya mbao vya umbo la mwezi mchanga, vya kumuulizia mungu, akavirusha sakafuni. Kimoja chali, kimoja kifudifudi: ndiyo. Akarusha tena, ndiyo. Mara ya tatu, ndiyo. Mwenyekiti akataka mara ya nne.

"Mzee, kura imeshapigwa," Hsiu-yueh alimwambia, "na mpiga kura ni mmoja tu."

Tangu hapo kila sikukuu hiyo ya vuli kiwanja kilijaa. Walikuja vijana kutoka Taipei na Kaohsiung, wengine wameandamana na mama zao, na bendera za rangi sita za upinde wa mvua zilifungwa kwenye pikapu yake ya mashine ya sinema. Waliokuja na vipaza sauti kupinga aliwasalimia vizuri, kisha akaongeza sauti ya spika zake, ambazo ziliundwa zisikike mbinguni.

Alifunga ndoa na Pao-chen tarehe 24 Mei 2019, siku ya kwanza sheria kuruhusu. Mzee Chin-fa alisema ana mafua.

Mnamo Februari 2023 aligundulika kuwa na saratani ya mapafu. Muuguzi alipomuuliza Pao-chen yeye ni nani kwa mgonjwa, Hsiu-yueh alivua barakoa ya oksijeni ili ajibu mwenyewe. "Mke wangu. Andika vizuri, lisije likasomeka rafiki." Aliendelea na sinema hadi Septemba mwaka huu, ameketi kwenye kiti cha plastiki, akiwasema waliotundika turubai upogo. Alifariki nyumbani kwake asubuhi ya tarehe 9 Novemba 2024, mkono wake ukiwa mkononi mwa Pao-chen.

Ndugu waombolezaji, ratiba hii mliyoshika ilichelewa kuchapwa kwa sababu ya neno moja. Rasimu ya mzee Chin-fa ilimtaja Pao-chen kuwa "rafiki wa karibu", eti wageni wake wa kiwandani wataonaje. Binti wa mzee, Tzu-han, ndiye aliyepangiwa kusoma, na alikataa. Alimuuliza baba yake mbona Bibi wa Ardhi, aliyekaa madhabahuni ubavuni kwa Babu, haitwi rafiki wa karibu. Mzee akamwambia asilete ubishi mbele ya jeneza.

Pao-chen alikuwa amepiga magoti, akitaka kumuuliza marehemu kwa sarafu mbili, kama ilivyo desturi, iwapo amemaliza kula chakula alichotengewa. Hakuinua kichwa. Alimnyooshea mzee zile sarafu. "Muulize mwenyewe."

Mzee akazipokea. "Hsiu-yueh, dada yangu, tuandike rafiki?" Zikaanguka zote uso juu: anacheka. Akarudia. Zote mgongo: hataki.

"Sasa umemkasirisha, baba," Tzu-han alisema.

Mzee akaziokota. "Tuandike mke?"

Moja uso, moja mgongo.

Tzu-han alimkumbusha kwamba kwa kawaida hurushwa mara tatu. Mzee akasema hapana, dada yake hapendi kurudia maneno. Kisha akamgeukia Pao-chen. "Shemeji," alimwita, kwa mara ya kwanza tangu 1983, "njoo ukae mbele."

Marehemu ameacha mke, Chiu Pao-chen. Kaka, Kuo Chin-fa. Wifi, Shen Mei-yun. Binti wa kaka yake, Kuo Tzu-han, ambaye ndiye anawasomea. Vijana wote waliowahi kumwita shangazi bila kuomba ruhusa. Na turubai moja yenye viraka.

Jioni hii, kiwanjani, tutaonyesha ile ya blanketi. Viti vya mbele viko wazi, kimoja ni chake. Apumzike kwa amani, na mwenye kupinga aje na sarafu zake.