Glenys Hingston, Mhesabu wa Wakata Magogo, na Umeme Alioukubali Mwenyewe

Marehemu Glenys Ivy Hingston aliacha maagizo mawili kuhusu karatasi hii ya wasifu wake: isiwe ndefu, na isidanganye. Kuhusu la kwanza tumejitahidi. La pili alilishikilia mpaka wiki yake ya mwisho, alipomtaka binti yake Narelle amsomee yaliyokwisha kuandikwa, kisha akamwamuru afute maneno "maradhi fulani" na aandike sonona. Narelle alifuta palepale. Kwa mama yule hapakuwa na mjadala.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Agosti 1951 huko Sprent, kaskazini magharibi mwa Tasmania, akiwa mtoto wa kwanza wa Clarrie na Doreen Bramich, wakulima wa viazi. Jina la Ivy alipewa la shangazi yake, dada wa Clarrie. Shangazi huyo alilazwa mwaka 1953 katika hospitali ya wagonjwa wa akili, akatiwa umeme kichwani akiwa macho, bila dawa ya usingizi, kama ilivyofanyika siku zile. Aliporudi nyumbani hakuwajua ndugu zake kwa majina. Alikaa kwenye kiti cha dirishani miaka ishirini, na Glenys na mdogo wake Trevor walikua wakimpelekea chai pale.

Alisoma Shule ya Msingi ya Sprent kuanzia mwaka 1957, kisha sekondari ya Ulverstone, ambako alikuwa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kunyamaza. Oktoba 1968 baba yake alifariki. Karatasi ya mazishi iliandika "ajali ya shambani", na watu wote wa Sprent, ambao walijua vizuri kwamba Clarrie alijitoa uhai, walikula skonzi, wakanywa chai na kutoa pole kwa ajali. Glenys aliacha shule wiki ileile ili kumsaidia mama yake kukamua ng'ombe. Neno hilo la ajali lilimkera maisha yake yote.

Mwaka 1971 aliajiriwa kwenye kiwanda cha kugandisha viazi, kitengo cha mizani, akadumu hapo miaka thelathini na mitano. Kelele za mitambo zilimpa sauti ambayo ilimfikisha kwenye kazi yake ya pili, isiyo na mshahara: kuhesabu katika mashindano ya kukata magogo kwa shoka. Sote hapa tunaujua utaratibu. Kila mkataji ana namba yake, mhesabu anaanza moja, mbili, tatu, na mtu hainui shoka mpaka asikie namba yake. Anayeshinda huongezewa namba ili safari ijayo achelewe kuanza. Glenys alihesabu bila kipaza sauti kwa miaka arobaini na miwili, na namba za wakataji wote wa pwani hii alikuwa nazo kichwani.

Ndivyo alivyompata mume. Kwenye maonyesho ya Novemba 1974, Merv Hingston aliinua shoka sekunde moja kabla ya namba yake, na Glenys akamtoa shindanoni. Merv alikwenda kulalamika, akapewa chai, akalalamika mpaka jioni. Walifunga ndoa tarehe 8 Mei 1976 katika kanisa la Sprent, na Narelle akazaliwa mwaka 1978.

Sasa tunafika pale alipotaka tusiparuke. Juni 2006 Glenys alianza kunyamaza. Alikuwa amekwisha kuonja ugonjwa huo mara mbili ujanani na kuuficha, lakini safari hii ulimkalia kooni. Hakula, hakuoga, vidonge vya aina nne havikufua dafu. Alihamia kwenye kiti kilichokuwa karibu na dirisha la jikoni. Merv alificha funguo za ghala na kulala sebuleni ili kumlinda. Kila mmoja ndani ya nyumba alimkumbuka Clarrie, na hakuna aliyelitaja jina lake.

Mwezi Agosti alilazwa hospitali, na daktari wa akili, Dokta Wijesundera, alimweleza kuhusu tiba ya umeme: mara tatu kwa wiki, jumla mara kumi na mbili, akiwa usingizini kabisa, misuli ikiwa imelegezwa kwa dawa. Kwa wengi walio katika hali kama yake ilisaidia, alisema, na baadhi ya kumbukumbu zingeweza kupotea zisirudi. Glenys, ambaye alikuwa hajatamka sentensi nzima kwa siku tisa, aliuliza kumbukumbu zipi. Daktari akamjibu kuwa angependa sana amchagulie, lakini hana uwezo huo.

Trevor alikuja mbio kutoka Burnie kuizuia tiba hiyo. Alisimama mbele ya kitanda cha dada yake na kofia mkononi.

"Dada, watakurudisha kama shangazi Ivy. Utakaa dirishani na hutatujua."

"Trevor," alisema Glenys, "dirishani nimekwisha kufika. Hebu nipe kalamu."

Trevor hakumpa. Glenys aliichukua mwenyewe mfukoni kwa daktari, akaweka sahihi. Liwalo na liwe.

Tiba ya kwanza ilikuwa asubuhi ya Jumatatu, tarehe 14. Daktari wa usingizi alimwomba ahesabu polepole dawa ikiingia, na Glenys, ambaye hakujua kuhesabu kwa namna nyingine, alihesabu kwa sauti ya uwanjani. Nyuma ya pazia mzee Snow Petterd, mkata magogo, alikuwa anasubiri kutolewa mtoto wa jicho. Namba yake ilikuwa saba, naye alikuwa amekaa nayo miaka kumi na moja kwa kuwa hakushinda hata mara moja ikaongezwa. Glenys alifika saba, akalala. Snow alishuka kitandani na gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, akainua mikono, akatafuta gogo. Manesi wawili walimrudisha. Snow yupo hapa leo, ana miaka tisini na sita, na ametukubalia tuliseme hili ili mradi tuongeze kwamba siku ile alianza kwa wakati.

Hatutasema ilikuwa rahisi. Aliamka kila mara na kichwa kinachogonga, taya zikimuuma, hajui ni siku gani. Baada ya tiba ya nne alitaka kuacha, na Merv alimwambia yu tayari kuleta gari. Glenys akafikiri, akasema alikubali kumi na mbili, basi zitakuwa kumi na mbili. Baada ya ya sita alimwambia nesi kwamba chai yao ni maji ya kuoshea vyombo, na Merv akatoka kwenye korido kulia, kwa kuwa huyo ndiye alikuwa mke wake.

Ila gharama ilikuwepo. Harusi ya Narelle, tarehe 11 Februari mwaka ule, ilitoweka yote kichwani mwake, na haikurudi tena. Zile namba za wakataji zilivurugika, ikabidi ajifunze upya. Narelle aliumia, na kwa mwaka mzima alimwonesha mama yake picha, mama yake akitabasamu na kuitikia. Mwishowe Glenys alimwambia:

"Mwanangu, tuache kudanganyana. Mimi ile harusi sikuwepo. Nisimulie, kama mtu ambaye hakualikwa."

Narelle alimsimulia kutwa nzima, pamoja na hotuba ya Merv iliyowalaza wageni. Merv naye alijaribu bahati yake, akadai kwamba kwenye karamu mkewe aliruhusu mbwa alale ndani ya nyumba. Mbwa alilala ndani miaka tisa kabla ya ukweli kujulikana.

Ugonjwa ulirudi mwaka 2007, naye akarudi kwenye umeme. Tangu hapo alipata tiba mara moja kwa mwezi, miaka kumi na moja, mchana kweupe, na yeyote aliyemuuliza anakwenda wapi alijibiwa anakwenda wapi. Baadhi ya wanakamati wa wakata magogo, watu wema, walimshauri apumzike kuhesabu ili watu wasiseme. Siku ya Mwaka Mpya 2008 alisimama mahali pake mbele ya magogo, uwanja umejaa, akapaza sauti:

"Nimetibiwa sonona kwa umeme. Nimepoteza harusi ya mwanangu, nimebaki na mwanangu. Baba yangu alikufa kwa ugonjwa huu, wala haikuwa ajali. Mwenye swali anikute kwenye chai. Wakataji, simameni sawa."

Kisha akahesabu, na hakukosea. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua, naye alikuwa amechoka kuona watu wakiumbuliwa. Pale kwenye chai alikuja mwanaume mmoja kuulizia jamu ya aprikoti. Jamu ile iliulizwa dakika arobaini, na Jumatatu iliyofuata Glenys alimpeleka kwa Dokta Wijesundera. Anayetibiwa haruhusiwi kuendesha gari siku hiyo, na huku kwetu hospitali ni mbali, kwa hiyo akawa dereva wao. Aliwapeleka wagonjwa kumi na tisa kwa miaka kumi na mitano, akiwangoja mlangoni na skonzi za moto kwenye kitambaa, kwa kuwa walikuwa wamefunga kula tangu jana yake. Wawili kati yao tiba haikuwafaa, na mmoja tulimzika. Glenys alikwenda mazishi yale akakaa kiti cha mbele.

Septemba 2023 aligundulika na saratani ya kongosho. Alifariki nyumbani Sprent, Alhamisi tarehe 14 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka sabini na miwili, mikononi mwa Merv. Aliagiza iandikwe wazi: ni saratani iliyomchukua, sonona ilijaribu miaka yote ikashindwa.

Marehemu ameacha mume, Merv. Binti, Narelle, na mkwe, Anton. Na wajukuu Bridie na Lachlan, ambao amewaona wakikua. Ameacha pia watu aliowaendesha, walioomba majina yao yasomwe leo mbele ya majirani: Maureen Stubbings, Kelvin Dazeley, Joy Applebee, na Peter Loone wa jamu ya aprikoti. Na ameacha mdogo wake, Trevor Bramich, ambaye kwa kauli yake mwenyewe ametaka mjue kwamba mwaka 2015 alitibiwa kwa umeme mara nane, na mara zote nane alipoamka alimkuta dada yake kwenye kiti cha pembeni, na alimjua kwa jina.

Apumzike katika amani aliyoipigania.