Ziara Iliyobaki

Mngurumo mnaousikia, wasikilizaji wapendwa, si mitambo yetu. Ni friji. Ni friji ya Mama Bilkis, kule mtaa wa Malvern, na tangu mchana ninajaribu kuiondoa kwenye mkanda huu. Nikipunguza friji, sauti ya mzee nayo inapungua. Nikiirudisha sauti ya mzee, friji inarudi nayo. Vimeshikana. Sasa nimefika mahali anapokohoa, kisha anasema neno moja. Sikilizeni.

"Ziara."

Basi. Ni hilo tu. Kikohozi sijakikata. Mama Bilkis alinipigia simu asubuhi akasema, "Elinaza, kikohozi usikitoe. Nimeishi nacho miaka mingi kuliko nilivyoishi na watoto."

Aliyekohoa ni Mzee Mohamedtaki Walji. Wengi wetu tulimwita Mzee Taki. Amefariki wiki iliyopita, hapa Toronto, theluji ikiwa bado imefika magotini. Kwa mnaotusikia leo kwa mara ya kwanza, huyu ndiye mzee aliyetusimulia katika kipindi hiki habari za timu ya kriketi ya Waingereza, iliyovuka bahari kuja huku mwaka 1859. Walicheza mechi tano. Mzee Taki alitusimulia nne. Ya tano imebaki. Nawaombeni mlishike hilo, maana kila nitakalolisema leo linarudi hapo. Tano zilichezwa, nne zimesimuliwa, moja imebaki.

Mzee Taki alizaliwa Tanga. Baba yake alikuwa na duka la vitambaa, na Jumapili alikuwa mwamuzi wa kriketi. Watu wa Tanga walisema ampaya. Mzee Taki naye akawa ampaya. Alihamia Kanada mwaka 1974 na mkewe, huyu Mama Bilkis, akauza miwani katika duka moja hapa North York mpaka alipostaafu. Kila majira ya joto alisimama kwenye viwanja vya bustani, kofia nyeupe kichwani, akiamua mechi za vijana wa Kihindi, wa Kipakistani, wa Kijamaika, na wote waligombana naye.

Waingereza wale alikutana nao katika msimu wake wa kwanza wa baridi. Aliingia maktaba kukimbia upepo, akingoja basi. Akafungua kitabu, akaona picha: wachezaji kumi na wawili juu ya sitaha ya meli. Nilimuuliza hapa studioni kwa nini picha ile ilimshika. Huu hapa mkanda wa mwaka 2009.

"Nyuso zao, bwana mdogo. Wamevaa vizuri, wamesimama vizuri, lakini macho hayajui yanakwenda wapi. Sisi tuliposhuka uwanja wa ndege tulikuwa na macho hayo hayo. Bilkis alivaa ndala."

"Lakini hao walikuwa Waingereza, Mzee. Wenye dunia yao."

"Wenye dunia! Walitapika njia nzima. Na walipofika mechi ya mwisho, theluji ikawashukia. Wakacheza na makoti na glavu. Nikasema, kumbe! Hata wenye mchezo wao, baridi ya huku haikuwauliza kabila."

"Nasikia walicheza kumi na mmoja dhidi ya ishirini na wawili. Huo si uonevu?"

"Uonevu kwa nani? Walishinda zote tano. Wewe Mchaga na kriketi wapi na wapi? Mchezo wa siku tatu hauna faida, hutauelewa."

"Mzee, Mhindi wa Tanga unisimange mimi kwa kupenda faida?"

Hapo mnamsikia anavyocheka. Kicheko chake kilianza kama kikohozi na kuishia kama kikohozi.

Sasa kuna jambo moja mlielewe. Katika kriketi, mpigaji anasimama mbele ya vijiti vitatu vilivyochomekwa ardhini. Juu ya vijiti hivyo vinalala vingine viwili vidogo, urefu wa kidole. Jioni ikifika, ampaya ndiye anayevitoa vile viwili. Akishavitoa, hakuna mtu anayerusha mpira tena. Mzee Taki alikuwa na viwili vya baba yake, vya mti mweusi, na vilikaa daima katika mfuko wa koti. Mama Bilkis anasema alivikuta kwenye mashine ya kufulia mara nyingi kuliko alivyokuta sarafu.

Alipostaafu, Mzee Taki aliamua kufuata njia ya timu ile. Alikwenda Montreal. Alikwenda Hoboken, ng'ambo ya New York. Alikwenda Philadelphia. Alikwenda Hamilton. Alikwenda kwa basi, na Mama Bilkis, na kababu kwenye mkebe, na chupa ya chai. Pengine palikuwa na nyumba za watu, pengine palikuwa na maegesho ya magari. Alipofika mahali alipoamini kuwa ndipo uwanja ulipokuwa, alivitoa mfukoni vile vijiti, akaviweka juu ya mfuniko wa chupa ya chai, akarudi nyuma hatua chache, akatazama. Kisha akaja akavitoa. Ndivyo alivyoifunga mechi. Akirudi Toronto, alikuja studioni kutusimulia. Hakusimulia mechi ambayo hajaifunga.

Mama Bilkis aliniambia, "Hamilton tulikuwa karibu na kituo cha mafuta. Nikamwambia, Taki, watu wanatuangalia, watadhani tunaroga. Akanijibu, Nyamaza, mama, mtu anapiga."

Ilibaki Rochester. Ni mji wa ng'ambo ya ziwa letu hili, upande wa Marekani. Mechi ya theluji. Aliiweka ya mwisho kwa kuwa ndiyo aliyoipenda, na alitaka kwenda Oktoba, mwezi ule ule walipocheza.

Kabla ya Oktoba hiyo, mwaka 2011, alipata kiharusi. Mkono wa kulia ulilala. Maneno yakaondoka. Kiingereza kiliondoka, Kikachi, lugha ya Kihindi ya mama yake, kiliondoka, Kiswahili nacho kiliondoka. Lilibaki neno moja la Kiswahili.

Neno hilo ni ziara.

Wasikilizaji wapendwa, mimi nikisikia ziara nafikiria waziri na msafara wa magari, au timu inayokwenda kucheza nje. Lakini nyumbani kwa Mzee Taki ni nyumba ya Mashia wa Tanga. Katika nyumba hiyo, ziara ni kwenda kuzuru makaburi matukufu. Ziara ni Karbala, kwa Imam Hussein. Mzee mgonjwa akisema ziara, tena ziara, tena ziara na machozi yakimtoka, mke na watoto wangeelewa nini kingine?

Mwanawe Ridha alipiga magoti mbele ya kiti. "Karbala, Dad?"

Mzee alitikisa kichwa. Mama Bilkis anasema alikitikisa kile kichwa cha kwao, cha kulia na kushoto kama mizani, ambacho si ndiyo wala hapana.

"Ziara," akasema.

"Okay, Dad. Tutakupeleka."

Na walimpeleka. Daktari hakutaka, wakamwomba mpaka akakubali. Ridha alimsukuma kwenye kiti cha magurudumu kati ya maelfu ya watu, na walipofika, mzee alilia sana. Walilia wote. Waliporudi Toronto, watu wa msikitini walijaa nyumbani. Kila aliyeingia alimshika mkono na kumwambia, "Ziara yako ikubaliwe, Mzee." Chai ikanywewa. Wageni wakaondoka. Mama Bilkis akamfunika blanketi miguuni.

Mzee Taki akamtazama, akasema, "Ziara."

"Umeshakwenda, Taki. Tumerudi leo."

"Ziara!"

Mama Bilkis anasema hakuwahi kuogopa neno kama alivyoliogopa neno lile siku ile.

Aliyefumbua jambo ni Hawra, binti yao. Alikuja kwangu kuomba mikanda ya zamani, ili baba yake awe anasikia sauti yake mwenyewe. Nikamchezea wa Montreal. Sauti ya Mzee Taki ikaanza: "Ziara hii, wasikilizaji, ilikuwa na mechi tano." Hawra akaweka mkono mdomoni. Akampigia mama yake pale pale, akaisogeza simu kwenye spika.

Kisha nikasikia sauti ya Mama Bilkis. "Ya Ali! Kumbe ni wale Waingereza wake!" Akacheka, na katikati ya kicheko akaanza kulia.

Baadaye aliniambia maneno ambayo nimeombwa niyaseme hewani. "Usiwaambie watu tulikosea. Karbala haikuwa bure. Hakuna ziara ya bure. Lakini mume wangu alikuwa anagonga mlango mmoja, mimi nikamfungulia mwingine, nikamwambia ingia."

Oktoba iliyopita walimweka kwenye gari. Hawra aliendesha, Mama Bilkis akakaa nyuma na chupa ya chai. Wakafika mpakani, pale Niagara. Yafuatayo nimeyapata kwa Hawra.

Afisa aliuliza wanakwenda kufanya nini Rochester. Hawra akasema baba yake anataka kuona uwanja wa kriketi.

"Kuna mechi?"

"Ilikuwepo."

"Lini?"

"Mwaka 1859."

Afisa hakucheka. Akafungua pasi ya mzee. Akakuta muhuri wa Iraki, wa miezi michache nyuma. Akawaomba waegeshe gari waingie ndani. Ndani, afisa mwingine aliomba mifuko itolewe vitu, na vile vijiti viwili vyeusi vikawekwa kwenye trei. Akaviangalia. Akasema angependa kumsikia mzee mwenyewe, safari hii ni ya nini.

Mzee Taki akanyoosha mgongo. Hawra anasema hajamwona baba yake akikaa vile tangu alipougua. Akajibu vizuri, kwa heshima.

"Ziara."

"Amesema nini?" afisa akamuuliza Hawra.

Hawra aliniambia, "Uncle Elinaza, nilikwama. Nikilitafsiri huku, ni matembezi ya timu. Nikilitafsiri kule, ni kuzuru makaburi. Na Iraki iko wazi mbele yake kwenye meza. Baba ananitazama, anangoja niseme. Sikujua neno."

Wakaambiwa wasubiri. Hawakukataliwa, wasikilizaji, nataka hilo lieleweke. Waliambiwa wasubiri. Ikiwa ni kwa sababu ya muhuri ule, sijui. Hakuna aliyewaambia hivyo, nami siwezi kusema nisilolijua. Walikaa kwenye viti vya plastiki mpaka chai ikapoa na sukari ya mzee ikaanza kushuka. Mama Bilkis akasimama. "Turudi. Nitamzika hapa." Yule afisa aliwarudishia pasi, akamwinulia mzee kiti chake kwenye kizingiti cha mlango, akamwambia pole. Walipogeuza gari, mvua nyepesi ilikuwa inaanza kuwa theluji. Mzee Taki alitazama dirishani njia nzima.

Baada ya hapo nilikwenda Malvern na kinasa sauti. Mkanda ninaousafisha leo ni wa siku ile. Nilikaa naye mezani, nikamwambia, "Mzee, tusimulie Rochester." Naye akasimulia. Alisimulia mechi nzima, kwa neno moja. Mtamsikia akilipandisha, akilishusha, akilikata kwa hasira. Mtamsikia Mama Bilkis akikisia kando yake.

"Anasema baridi."

"Ziara!"

"Si baridi? Glavu?"

"Ziara, ziara."

"Eeh, glavu! Wamevaa glavu, mpira unateleza."

Na hapa anacheka. Hamkioni nilichokiona mimi, mkono wa kushoto ukiinuka kama wa ampaya, kidole juu, ishara kwamba mpigaji ametolewa. Redio haina mkono. Mwishoni alivitoa vile vijiti mfukoni. Nilisogeza kikombe nikidhani ataviweka mezani. Alivishika tu. Kisha akavirudisha mfukoni, kwa sababu pale palikuwa Malvern, hapakuwa Rochester.

Mama Bilkis, Ridha, Hawra, na jamaa wote wa Tanga, poleni. Inna lillahi wa inna ilayhi raji'un. Sisi wa kipindi hiki, Wakristo kwa Waislamu, tumepungukiwa pamoja nanyi. Nanyi mnaotusikia, mlio kwenye magari, mlio kwenye zamu kule Rexdale, nyumbani kwenu yuko mtu mwenye neno lake. Pengine watoto wanalisikia na kumjibu kwa Kiingereza. Muulizeni leo analikusudia vipi. Muulizeni angali na maneno mengine ya kuwaelezea.

Juzi, baada ya mazishi, Mama Bilkis alinipa vijiti vile. Akasema, "Wewe nenda. Pasi yako haina muhuri wa popote, hata kwenu Machame huendi." Nikamwambia, "Mama, pasi yenyewe sina. Bado nangojea uraia." "Basi wewe nawe unasubiri," akasema. Hata hivyo hakuvichukua tena vile vijiti.

Viko hapa mezani, pembeni ya mashine. Nimeviweka juu ya kikombe changu cha chai, sijui kwa nini. Friji bado inanguruma. Nimesafisha mpaka kwenye glavu. Kile kicheko, na ukimya unaofuata, sijavigusa, na leo sioni vizuri tena pa kukata. Nitarudi kesho nikitoka kazini, niendelee kutoka hapa hapa.

Ampaya akivitoa jioni, wasikilizaji wapendwa, huenda mechi imekwisha, huenda imesimama tu kwa sababu ya giza. Vijiti vyenyewe havisemi. Navitoa.