Mzee Kidole na Mikono Kumi na Saba

Baada ya miaka thelathini na moja na siku moja ya kazi, fundi mkuu wa magurudumu katika karakana yetu, Mzee Kidole, amestaafu rasmi Jumamosi tarehe 31. Wenye kadi za mwaliko zinazosema Ijumaa tarehe 30 wasizitupe, kadi hazikukosewa. Hiyo siku moja ya ziada ina kisa chake, na mhariri wa jarida letu ameniruhusu nikisimulie chote, mradi nisiseme ni nani aliyecheka hadi akaangusha kamera ya ofisi. Basi sitamtaja mhariri.

Kwa msomaji asiyetufahamu, sisi ni watu wa kushusha magari na kuyavisha rimu na matairi mapana kuliko yale yaliyotoka nayo kiwandani. Mteja huingia na gari la kawaida lenye miguu myembamba, akatoka na gari lililolala chini na kutanua kifua, na yeye mwenyewe akawa anatembea vivyo hivyo. Taabu ni moja. Ukishashusha gari ukaweka na tairi pana, nafasi kati ya tairi na madigadi, lile bati la juu yake, hubaki kiduchu. Likiwa tupu halina neno. Likipakia watu likapita kwenye tuta, bati linashuka, tairi linasugua, na mpira unaliwa kidogo kidogo mpaka siku unapopasuka barabarani. Kazi ya Mzee Kidole ilikuwa kuhakikisha hakuna gari linalotoka getini kwetu likiwa linagusa.

Alianza hapa kama mziba pancha, enzi ambazo karakana ilikuwa na jeki moja, na jeki lenyewe la kuazima. Jina la Kidole alilipata mwaka wa pili, kwa sababu ya kupima nafasi ya tairi kwa kidole chake cha shahada. Kidole kikizunguka juu ya tairi lote bila kukwama, gari limefaulu. Bosi alipoona dunia imebadilika alituletea kipimo cha kisasa chenye taa na mlio. Kwa siku tisa kipimo na kidole vilipingana kwa kila gari, na bosi akawa upande wa kipimo. Siku ya kumi tuligundua betri ya kipimo ilikuwa imekufa tangu siku kilipoletwa. Kipimo kile sasa kinazuia mlango wa stoo usijifunge.

Mteja alipofika na picha kwenye simu, akitaka rimu pana za kutisha, Mzee hakuuliza habari za rimu. Aliuliza, "Unambeba nani?" Wengi walidhani ni umbea. Kuna mwalimu aliyemjibu kwa ukali kwamba habebi mtu, ni yeye na Mungu wake. Mzee akazunguka nyuma, akafungua buti, akakuta madaftari ya madarasa matatu yanasubiri kusahihishwa. Aliyabeba yote hadi kwenye mizani ya stoo na kurudi na jibu la kilo sitini na nne, akamweleza mwalimu kwa upole kwamba huyo ni mtu mzima, tena amekula. Gari likatengenezwa kwa hesabu hiyo, na mwalimu ni mteja wetu hadi leo.

Kisha lilifuata jaribio. Gari hupakiwa watu wazima wanne, na abiria wetu wa kudumu ni mtunza stoo, mama wa jikoni, bosi akiwa hana simu, na yeyote aliyenawiri kuliko wenzake wiki hiyo. Kompresa inazimwa, redio inazimwa, na wateja kwenye chumba cha kusubiri wanaacha kukoroga chai. Gari linapita kwenye tuta la getini, usukani ukiwa umekatwa kulia, kisha kushoto, kisha ukiwa umenyooka, na sisi wengine tunasimama pande zote mbili kusikiliza. Anayesikia tairi linagusa hasemi kitu, ananyoosha mkono juu. Mkono mmoja tu ukinyooka, gari linarudi ndani. Tuta lenyewe lilikuwa karibu kubomolewa mwaka ambao uwanja ulisawazishwa. Mzee alilikalia kutwa nzima na kikombe chake cha chai, hadi mkandarasi akakata tamaa akaenda zake.

Utaratibu huo aliuheshimu kupita kiasi. Siku moja mama wa jikoni alinyoosha mkono kuuliza tuko wangapi kwa chakula cha mchana. Mzee alifungua magurudumu yote manne, akamulika kila pembe kwa tochi, akayafunga tena. Alipoambiwa ukweli hakununa. Alimshukuru mama kwa kunyoosha, akamwomba siku nyingine atumie mdomo.

Sasa nafika mahali ambapo mimi, fundi wa kubalansi magurudumu, naona haya. Miaka miwili iliyopita Mzee alikuwa tayari kuondoka, barua ya kustaafu ameshaandika. Wiki hiyo alimtengenezea gari mpiga picha mmoja, kazi ya mikono yake mwenyewe toka nati ya kwanza hadi ya mwisho. Kwenye tuta liligusa. Nilisikia kwa masikio yangu, nyuma kulia. Mkono wangu ulikuwa mfukoni mwa ovaroli na ukabaki humo humo, maana nilijiambia kwamba Mzee hawezi kukosea, labda ni kokoto. Mpiga picha alirudi siku ya nane akivutwa na gari la msaada, tairi limepasuka. Yeye mzima, namshukuru Mungu, na kamera zake nzima.

Mzee alitukusanya akauliza nani alisikia. Tulijitokeza watano. Angefoka ingekuwa nafuu. Alikaa juu ya tairi bovu, akatoa ile barua mfukoni, akaichana vipande viwili, akasema hawezi kuwaachia geti watu wanaosikia wakanyamaza. Nilitamani ardhi inimeze.

Akaongeza miaka miwili, yote kwa ajili yetu. Kwa magari tuliyotengeneza sisi, mikono ilinyooka bila shida, tena wengine tuliwanyooshea wenzetu kwa raha kabisa. Likija la Mzee, mikono inakuwa mizito kama imefungwa jiwe. Si kwamba hatukumpenda, ni heshima iliyopitiliza hadi ikawa ugonjwa. Mwaka huu magoti yake yalikataa kabisa kuinuka kutoka chini ya magari, akaandika barua nyingine. Mwezi mzima wa mwisho alikuwa akija kwenye mashine yangu na kuniuliza, ghafla bin vuu, kama siku likigusa la kwake nitanyoosha. Nilimjibu kwamba nitanyoosha. Akaenda zake bila kuamini, na kusema kweli hata mimi sikujiamini.

Katikati ya hayo yote kulikuwa na gari lake. Huyu mtu aliyeshusha magari ya nusu ya mji alikuwa akiendesha gari lililosimama wima kama meza, kwa sababu mkewe, shemeji yetu sote, alishasema miaka ishirini iliyopita kwamba hataki gari la kuingia kwa kutambaa. Mwaka huu alilegeza msimamo kwa sharti kwamba rimu achague yeye. Alichagua za rangi ya dhahabu. Siku zilipofika hakuna aliyefanya kazi kwa nusu saa nzima, na bosi mwenyewe alizipangusa kwa leso yake.

Mzee alilitengeneza gari hilo kila saa ya mapumziko kwa miezi minne. Alijiuliza swali lake mwenyewe, akajijibu kwamba atambeba mkewe na mashemeji wawili, wanawake watatu wenye afya njema. Akalijaribu kwa uzito huo, likapita kimya. Akazidiwa na furaha, akaongeza spesa, kile kisahani cha chuma kinachokaa nyuma ya rimu ili tairi litokeze nje lionekane. Kwa miaka thelathini na moja aliwakatalia wateja spesa akisema ni urembo tu. Ya kwake aliifunga alipodhani tumeenda kunywa chai, na wala hakulirudisha gari kwenye tuta. Mama wa jikoni alimwona.

Ijumaa ilifika. Hotuba zilisomwa, keki ikakatwa, wateja wa zamani wakajaa uwanjani. Zawadi yetu kwake ilikuwa jeki kubwa la magurudumu na kabati la spana linalobebwa na wanaume wawili, na bosi alitaka iwe ya kushtukiza. Kwa hiyo Mzee akiwa anashukuru kwenye maikrofoni, sisi tulikuwa tunaipakia kwenye buti la gari lake kwa kunyata. Hapo nataka msomaji atuonee huruma. Watu kumi na saba ambao kazi yetu kila siku ya Mungu ni kuuliza gari linabeba nini, na hakuna hata mmoja aliyefikiria uzito wa zawadi.

Mzee akaingia garini kwa heshima zote. Shemeji alikaa mbele, dada zake wawili nyuma, na vicheko vyao vilisikika hadi barabarani. Kompresa ikazimwa kwa mazoea. Gari likapanda tuta taratibu, magurudumu ya mbele salama, ya nyuma yakafuata, na pale yaliposhuka nikasikia krrr, nyuma kulia, pale pale pa mpiga picha.

Mlinzi wa geti ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha. Nilipomwona nilikuta mkono wangu nao uko juu, sijui hata ulipandaje. Mtunza stoo akanyoosha. Bosi akanyoosha. Mama wa jikoni alinyoosha na mwiko mkononi. Wageni walipoona mikono juu wakadhani tunaaga, nao wakaanza kupunga kwa nguvu, wengine wakalia. Shemeji akapunga dirishani, dada zake wakapunga, na Mzee, ambaye kwa vile vicheko hakusikia kitu, akatuona kwenye kioo, akapiga honi na kupunga pia.

Kisha akatazama kioo tena. Anayeaga hupunga, na mikono yetu ilikuwa imesimama tuli.

Gari likasimama. Mzee alishuka, akaenda nyuma kulia, akaingiza kidole. Hakikupita. Akafungua buti, akaona jeki na kabati. Alitugeukia, akatuamuru tusishushe mikono, akaanza kutuhesabu mmoja mmoja kwa kile kidole chake. Alipofika kumi na saba alianza kucheka, akacheka hadi akakaa chini kwenye tuta lake, na huku anacheka machozi yanamtoka. Nilimsikia akimwambia mkewe, "Wamenyoosha, mama. Wote." Shemeji hakuelewa kilichonyooshwa, lakini alimkumbatia. Mimi nililia waziwazi, siku hizi sina cha kuficha. Mhariri naye ndipo alipoangusha kamera.

Gari likigusa haliondoki, na Mzee hakuomba kupendelewa. Alilirudisha ndani kinyumenyume, akarudi nyumbani na familia yake kwenye gari la bosi, na Jumamosi asubuhi akaja kukaa kwenye chumba cha kusubiri, mara ya kwanza maishani mwake kukaa upande wa wateja. Mama wa jikoni alimletea chai. Nilitoka na karatasi ya kazi, nikamuuliza kwa sauti isiyo na mzaha anambeba nani. Alijibu kwa adabu zote: mke, mashemeji wawili, jeki, kabati la spana, na kipande cha keki kilichobaki. Tulimtolea ile spesa bila kumsema. Mtunza stoo tu ndiye aliyenong'ona neno urembo, na Mzee akajifanya anasoma gazeti.

Saa sita mchana gari lilipakiwa watu na mizigo yote likapanda tuta, kulia, kushoto, kisha moja kwa moja. Tulisikiliza kuliko siku zote. Safari hii hata mashemeji walinyamaza. Mikono kumi na saba ilibaki chini mpaka magurudumu ya nyuma yalipogusa lami.

Mzee wetu, umetufundisha kuuliza kabla ya kufunga nati, na umetuvumilia miaka miwili ambayo hukuwa na deni nayo. Asante sana. Maisha yako ya kustaafu yawe mema na marefu, wewe na shemeji yetu, na rimu zenu za dhahabu zing'ae. Uliyoiona kwenye kioo ulipofika kwenye lami ilikuwa mikono ile ile, na safari hii ilikuwa inapunga. Haligusi, Mzee. Nenda.